Mkono Usiouma wa Jirani Yangu Wendell

Mtoto wangu wa kwanza aliitikia jina la mtu ambaye bado alikuwa hai.

Kama wewe ni Mjaluo, najua umeshaweka kikombe chini. Kama si Mjaluo, tulia nikueleze, maana bila hili hutaambulia kitu.

Kwetu mtoto akizaliwa halafu alie bila sababu, akatae kunyonya, daktari amkague asione kitu, wazee husema kuna marehemu anataka jina. Basi mnakaa na mtoto, mnataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Likifika lake, mtoto ananyamaza na kunyonya. Mwenye jina ameridhika, mtoto anaishi, nanyi mnalala usingizi.

Lakini ni jina la marehemu. Si la jirani ambaye juzi mlikula naye sukuma wiki.

Naitwa Griffins. Haya yalitokea mwaka 1996, Brooklyn Park, Minnesota. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi ya kuhudumia wazee huko Champlin. Mke wangu Makena, mtu wa Meru, alikuwa anasomea unesi. Tuliishi kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, na mlango uliofuata aliishi mzungu mmoja mrefu anaitwa Wendell Haugen.

Kazi ya Wendell ilikuwa kurusha mpira.

Usicheke. Besiboli ina mtu mmoja anayesimama kwenye kichuguu cha udongo na kurusha mpira, na mwingine anayesubiri na gongo aupige. Wendell alikuwa yule wa kurusha. Na alirusha kwa mkono wa kushoto.

Kwa sisi tuliolelewa kwa kuchapwa vidole ukishika kijiko kwa kushoto, hilo pekee lilitosha kutushangaza. Mtu analipwa kwa kushoto!

Ila msidhani alikuwa tajiri. Wendell alikuwa kibarua wa mpira. Alisajiliwa akitoka shule ya upili, kijiji cha huko juu kaskazini, na tangu hapo alizunguka. Georgia, Montana, Alberta. Mexico wakati wa baridi. Taiwan mwaka mmoja, ambako alisema alikula vizuri kuliko popote. Timu moja iliwahi kumtoa kwa nyingine ikapewa magongo na neti za mazoezi, na alikuwa akisimulia hiyo kwa fahari.

Ligi kubwa hakuwahi kuifikia. Aliiona kwenye televisheni kama mimi.

"Kwa nini wanaendelea kukuchukua basi?" nilimuuliza siku moja.

"Mpigaji wa kushoto humwogopa mrushaji wa kushoto," akasema. "Kila timu inataka mmoja wetu, hata kama ni wa mpigaji mmoja tu. Mtu wa kushoto hafi njaa, Griff. Ila hashibi pia."

Alikuwa na miaka thelathini na tano. Kwa mrushaji, huo ni uzee. Kiangazi hicho alichezea timu ndogo ya Saint Paul, ile aina ya timu inayookota watu walioachwa na wengine.

Sasa, kuhusu huo mkono.

Warushaji wote huumwa. Ukienda kuwaona baada ya mechi, wamekaa na barafu imefungwa begani, wanakunja nyuso. Wendell alikuwa anavaa shati na kwenda nyumbani. Miaka kumi na kitu ya kurusha, na hakuwahi kuumwa hata siku moja. Wenzake walimwonea wivu waziwazi.

Na ulikuwa baridi.

Nilijua hilo siku aliponiomba nimsaidie kukaza kamba ya saa. Ilikuwa Julai, joto la kuchemsha. Nilimshika kiganja cha kushoto nikakiachia haraka. Kilikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friji.

"Umezaliwa hivi?"

"Sijui," akasema, akaanza kuniuliza habari za gari langu.

Jambo jingine ni Makena aliyeliona. Wendell alikula ugali wetu kwa mkono wa kulia. Aliandika kwa kulia. Akitusaidia kupigilia msumari, nyundo ilikuwa kulia. Kushoto ilikuwa ya mpira peke yake.

"Huyu jamaa si wa kushoto," Makena akaniambia kwa Kiswahili, Wendell akiwa amekaa pale pale. "Huyu ame-hire mkono."

Tulicheka sana.

Mtoto wetu alizaliwa mwisho wa Julai, alfajiri, kwa hiyo akawa Omondi. Kwa Wajaluo, jina la kwanza hutokana na wakati uliozaliwa. Hilo halikuwa na mjadala.

Siku ya tatu akaanza kulia.

Sisemi kulia kwa watoto. Mimi nimelea wadogo zangu, najua mtoto wa njaa na mtoto wa tumbo. Huyu alilia akitazama mahali. Ukimwekea ziwa mdomoni, anageuza uso. Tulimpeleka hospitali wakampima kila kitu, wakamwekea maji ya mshipa, wakaturudisha nyumbani na maneno matamu. Aliendelea kupungua. Mbavu zake zilianza kuhesabika.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikawa nashindwa kumshika.

Nikampigia Mama simu. Alikuwa anakaa Kisumu kwa dada yangu Margaret. Mama huzungumza nami Kijaluo, nami nawawekea hapa kwa Kiswahili.

"Hamjataja majina?"

"Mama, huku ni Amerika."

"Kwani marehemu wanaomba viza?"

Basi tukakaa, Makena na mtoto kwenye kochi, mimi na simu sikioni, Mama akinitajia nami nikitaja. Zadock, babu yangu. Jairus, mjomba aliyekufa kwenye ajali. Solomon. Naftali. Majina ya akina mama pia, maana wakati mwingine bibi huja kwa mvulana. Mtoto alilia mpaka sauti ikakwama.

"Kwetu Meru mtoto anapewa jina la babu, story imeisha," Makena akasema huku machozi yanamtoka. "Nyinyi mko na interview."

Jumamosi jioni Wendell akagonga mlango akiwa na keki mkononi.

"Wameniita," akasema.

Sikuelewa.

"Timu kubwa, Griff. Ya hapa hapa, ya mjini. Mrushaji wao wa kushoto ameumia. Kesho nacheza mechi yangu ya mwisho Saint Paul, Ijumaa naripoti kwao."

Halafu mwanamume mzima akakaa chini kwenye zulia letu na kuegemea ukuta. Makena akamkumbatia, mtoto akilia katikati yao. Nilifurahi kwa dhati. Maisha yake yote alikuwa amesubiri sentensi moja, na sasa imesemwa.

Jumapili mchana tukafungulia redio tumsikilize. Kusikiliza ni neno kubwa, maana mtoto alikuwa analia na sisi tumechoka. Redio ilijiongelea tu.

Halafu mtangazaji akasema, "Na sasa anaingia kurusha, Wendell Haugen."

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza katikati ya kilio, kama redio iliyochomolewa umeme. Akageuka, akatafuta ziwa mwenyewe, akanyonya. Makena alinitazama. Nilisikia koo la mtoto likimeza.

Redioni mtangazaji alikuwa anacheka kwa mshangao. Wendell alikuwa amerusha mpira wa kwanza ukapita juu ya mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji mpaka kwenye uzio. Wa pili ukaenda kwa mashabiki. Wakamtoa. Mtangazaji akasema ni presha ya kuitwa na wakubwa, tumsamehe.

Nami nikasema hivyo hivyo. Sikuwa na muda wa Wendell. Mwanangu alikuwa anakula.

Nilijaribu mara kadhaa jioni ile. Akianza kulia, nainama naita, "Wendell." Ananitazama na kutulia. Wajaluo hatuogopi majina makubwa, kwetu kuna watu wanaitwa majina ya marais. Wendell lingekaa vizuri tu.

Jumatatu asubuhi na mapema nikampigia Mama.

"Wendell," akarudia, akilipima mdomoni. "Huyo alikufa lini?"

"Hajafa, Mama. Ni jirani yetu."

Nikasikia akivuta kiti na kukaa.

"Basi si yeye," akasema. "Jina ni hilo, lakini si yeye. Sikiliza. Tangu mtoto azaliwe, naota kijana mdogo, mzungu, amesimama mlangoni. Amelowa maji mwili mzima. Amevaa kitu kikubwa cha ngozi mkononi. Sikukwambia, nilidhani ni dawa za malaria."



"Amekivaa mkono gani?"

"Wa kulia."

Glavu ya besiboli huvaliwa mkono usiorusha. Anayeivaa kulia hurusha kwa kushoto. Mama hakujua hilo. Mama hajawahi kuiona besiboli maishani mwake.

Nilipokata simu, Makena aliniita chumbani. Alikuwa ameshika kiganja cha kushoto cha mtoto.

"Hebu gusa."

Kilikuwa baridi. Mwili wote una joto, kiganja hicho kimoja kama kimetoka kwenye maji. Alikuwa amejaribu kukivika soksi.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa Wendell. Amebeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, vile mtu anavyobeba mtoto. Hakuwa amelala.

"Griff, wewe ni mtu wa hospitali. Niangalie."

Nilimshika. Ulikuwa umevimba toka begani mpaka kwenye kiwiko, na ulikuwa na joto. Niliposhika bega alipiga kelele ambayo sikutarajia kutoka kwa mtu wa kimo kile.

"Unauma," akasema, kama mtu anayetoa habari za ajabu. "Haujawahi kuuma. Tangu jana, wakati naingia uwanjani, kuna kitu kilitoka. Nilikisikia kikitoka. Sasa ni kama maumivu ya miaka yote yamekuja pamoja."

Kutoka chumbani Makena akaita kwa sauti ya kubembeleza, "Wendell. Wee Wendell, nyonya baba."

Mzungu akainua kichwa.

"Nani anaitwa Wendell?"

Nikamweleza. Tena kwa furaha, mjinga mimi. Nilimweleza mila yetu, kilio, redio, na vile mtoto alivyonyamaza. Nilidhani nampa heshima. Kadiri nilivyoeleza ndivyo rangi ilivyomtoka usoni.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Walipotangaza unaingia."

Akakaa. Akaanza kuongea akitazama sakafu.

"Nilikuwa na kaka. Aliitwa Wendell."

Makena alikuwa ametoka na mtoto, akasimama mlangoni.

"Yeye ndiye alikuwa wa kushoto. Baba alisema ule mkono utatutoa shambani. Alikuwa na miaka tisa. Mwezi wa tatu, barafu ya ziwa imeanza kulainika, mpira ukamponyoka ukabingirika mpaka juu ya barafu. Akaufuata."

Makena akamvuta mtoto karibu na kifua.

"Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Wakanipa jina lake. Kitanda chake, nguo zake. Nilipoweza kusimama vizuri Baba akanivika glavu yake. Ile ni glavu ya mtu wa kushoto, inakaa mkono wa kulia. Kwa hiyo mpira ukabaki kushoto. Niliurusha mara moja, ukaenda umenyooka, na Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia tena."

Akainua uso.

"Mimi ni mtu wa kulia, Griff. Sijui kurusha mpira. Sijawahi kujua. Nasimama pale juu na mkono unafanya wenyewe."

Kwetu mtu anayebeba marehemu mwilini ana jina, na dawa yake wazee wanaijua. Huyu alikuwa ametembea naye miji yote hiyo bila mtu wa kumwambia.

Halafu akaomba.

"Mnaweza kuliondoa? Hilo jina. Si milele. Mpaka msimu uishe, wiki chache tu. Griff, nimesubiri tangu nikiwa kijana."

Nikamgeukia Makena. Nilijua atawaka, na aliwaka, ila kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwa Makena ni baya zaidi.

"Mtoi wangu amekula jana for the first time," akaniambia. "Umesikia anachoomba?"

"Nimesikia."

"Mpigie Mama."

Kisumu ilikuwa jioni. Nilimweleza Mama yote. Aliposikia habari za ziwa na barafu alishusha pumzi, akasema, "Kumbe ndiyo maana amelowa."

"Inawezekana, Mama? Kuliondoa?"

"Inawezekana. Mwambie mtoto yeye ni Omondi tu, na huyo mwingine arudi alikotoka. Atarudi. Lakini mtoto atajua, ataacha tena kunyonya, na mnaweza kumkosa. Sikuamulii. Huyo mwanamume naye ni mtoto wa mtu."

Nikaeleza kwa Kiingereza. Wendell akaziba uso kwa mkono wa kulia.

Makena ndiye aliyeamua. Sitasahau.

"Fanya," akamwambia mzungu uso kwa uso. "Lakini utarushia hapa, karibu, umsikie mtoto. Usiende kusikia makofi uwanjani. Usikie hii."

Basi nikainama juu ya mwanangu, nikasema, "Wewe ni Omondi. Wewe si Wendell. Wendell arudi alikotoka."

Kilio kilichotoka kilinifanya nishike ukuta.

Wendell akakunja mkono, akaukunjua. Uvimbe ulikuwepo bado, lakini aliunyoosha juu kabisa bila kukunja uso. Akanigusisha kiganja shavuni. Baridi. Akatoka nje mbio, akachukua mpira kwenye gari lake.

Nyuma ya jengo, kando ya pipa kubwa la taka, mtu alikuwa ametupa godoro na kulisimamisha ukutani. Wendell akasimama mbali nalo, jua likiwa kali, akarusha.

Nimeona watu wengi wakirusha mpira tangu siku hiyo. Sijaona kitu kama kile. Mkono ulipita bila haraka, na mpira ulifika kabla hujajua umetoka. Godoro likalia. Ndani, dirisha likiwa wazi, mtoto akapiga yowe.

Akaukimbilia mpira, akarudi, akarusha tena. Yowe.

Tena. Yowe.

Alikuwa anatabasamu. Uso wake ulikuwa wa kijana mdogo kabisa, na mimi wakati huo nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilikuwa naanza kutembea kwenda kumshika shati. Sijui ningemfanya nini.

Makena akanipita. Alikuwa na mtoto, amevaa nepi tu, amekuwa mwekundu kwa kulia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Wendell, akamnyooshea.

"Mshike," akasema.

Huwezi kumshika mtoto mchanga na mpira mkononi. Wendell alisimama pale anatazama mpira, anatazama mtoto. Makena hakurudisha mikono.

Mpira ukaanguka.

Alimpokea kwa mkono wa kulia, akamlaza kwenye kifua. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, ule uso uliojaa machozi usio na jino hata moja. Kisha akaongea naye kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayemwita mwenzake akiwa mlangoni jioni.

"Wendell," akasema. "Rudi ndani. Huko nje baridi."

Mtoto akanyamaza.

Mkono wa kushoto wa Wendell ukadondoka pembeni kama kitu kilichokatwa kamba, akapiga magoti kwenye lami kwa maumivu. Lakini mtoto hakumwachia. Makena akapiga magoti naye, wakamshika wote wawili. Niligusa kiganja cha mwanangu. Safari hii kilikuwa na joto, kama cha mgeni aliyeingia ndani kutoka baridini.

Tulirudi ndani. Simu ilikuwa bado wazi. Mama alikuwa amesikia vilio vyote kutoka Kisumu, na alikuwa analia pia.

"Amekaa?" akauliza.

"Amekaa, Mama."

"Vizuri. Mgeni apewe kiti, asipewe nyumba nzima. Omondi ndiye mwenye nyumba, mkumbuke hilo." Kisha akasema, "Sasa huyo mkubwa mmemwacha bila jina. Muulize alizaliwa wakati gani wa siku."

Nikamuuliza Wendell.

Alifikiri kweli, unamwona anatafuta.

"Kaka alizaliwa saa mbili usiku, theluji ilikuwa inaanguka," akasema. "Mama alikuwa akisimulia kila mwaka. Mimi sijui. Hakuna aliyewahi kusema."

Nikamtafsiria Mama. Nilimsikia akipenga kamasi.

"Kwenu sasa ni saa ngapi?"

"Inakaribia saa nne asubuhi."

"Basi amezaliwa saa nne asubuhi. Mwambie anaitwa Onyango."

Nikamwambia. Nikamweleza kwamba ndilo jina la mtu aliyezaliwa jua likiwa limepanda. Mzungu wa watu, mabega kama mlango, alilirudia vibaya mara tatu, na mara ya nne akalisema sawasawa. Makena akaenda jikoni kumpikia uji, maana mtu aliyezaliwa leo hupewa uji.

Nilidhani atawapigia wale wakubwa awaambie mkono umekufa. Ijumaa akaenda.

Daktari wa timu alimbonyeza bega akamuuliza kama linauma. Uvimbe ulikuwa umeshuka, naye akadanganya, akasema hapana. Jumamosi usiku tukakaa na redio, Omondi akiwa amelala. Timu ilikuwa imeshashindwa vibaya. Wakamwita kwa mpigaji mmoja wa kushoto.

Mrushaji akikosa shabaha mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza bila kupiga. Wa kwanza uligonga udongo. Wa pili ukaenda pembeni. Wa tatu ukapaa juu ya mpigaji. Wa nne pia nje. Wakamtoa, na kesho yake wakamwachisha kazi. Hiyo ndiyo ligi kubwa yote ya Wendell Haugen.

Mtangazaji alishangaa kitu kimoja. Alisema jamaa anatoka uwanjani akicheka, na haelewi anacheka nini.

Nilimuuliza alipokuja kula Jumapili. Kwa nini ulienda, na ulijua huwezi?

Alikuwa anakanda tonge kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa barafu mpaka shingoni kama warushaji wengine wote.

"Maelfu ya mipira nimerusha, Griff, na yote ilikuwa ya kaka yangu," akasema. "Ile minne ilikuwa yangu."

Hakucheza tena. Alipata kazi ya kupaka rangi nyumba Burnsville, akaoa akiwa na miaka arobaini. Ukimpigia simu mpaka leo anaitikia, "Onyango hapa," na mteja asiyemjua anakata akidhani amekosea namba. Mwanangu ni mtu mzima sasa. Mpira hautaki kabisa, anapenda kompyuta.

Wengi mtaniambia hizi ni imani za zamani. Sawa, aminini mnachotaka. Mimi nawaomba jambo moja, hasa nyinyi mliozika mtoto kisha mkabarikiwa mwingine.

Huyu wa pili hakuja kumalizia kazi ya mwenzake. Mkumbuke marehemu, mtaje, mlilie. Lakini huyu mpe jina lake, na siku akikuuliza alizaliwa saa ngapi, uwe unajua.